Tumzungumze Paul Chambers, mpiga besi aliyewabeba Miles na Coltrane

NyuziNne (mleta uzi)

Wakuu, heshima zenu.

Humu tukigusa jazi majina ni yaleyale: Miles, Coltrane, Monk, Armstrong. Leo naomba tumzungumze mtu aliyekuwa anasimama nyuma yao, Paul Chambers. Kama umesikiliza Kind of Blue, ile albamu ya Miles, hata mara moja basi umeshamsikia, hata kama jina lake hukulishika.

Kwa wasiomjua niende mbio. Kazaliwa Pittsburgh, Marekani, 22 Aprili 1935. Mama yake alipofariki akapelekwa Detroit, na huko ndiko alikokulia. Alianzia kwenye matarumbeta mazito, yale ya sauti ya chini, akahamia dabo besi akiwa na miaka kama 14, akanolewa na mpiga besi wa okestra ya simfoni ya mji huo. Kasoma Cass Tech, sekondari ya serikali pale Detroit iliyowatoa pia Ron Carter na Donald Byrd. Mwaka 1955 akatua New York, na mwaka huohuo mpiga tarumbeta Miles Davis akamchukua. Dogo wa miaka 20! Kakaa na Miles mpaka kwenye mwisho wa 1962, kisha yeye, Wynton Kelly wa piano na Jimmy Cobb wa dramu wakaendelea kama trio. Kafariki 4 Januari 1969 kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 33.

Hoja yangu ni hii. Wengi wanaomsifia wanakimbilia solo zake. Mimi nasema ukitaka kumjua Chambers, msikilize wakati mwenzake ndiye anayepiga solo. Hapo ndipo alipoweka akili yake yote.

Chukueni "So What", wimbo unaofungua Kind of Blue. Kila mtu anaujua ule mwanzo: besi ndiyo inayotoa wimbo, piano ya Bill Evans inaitikia kwa kodi mbili (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), halafu mara ya pili tarumbeta na saksafoni zinaitikia pamoja nayo. Mpiga besi kageuzwa kiongozi wa wimbo na kundi zima linampokea. Sawa, hiyo wote tunaisifia. Lakini subirini Cobb apige lile toazi na Miles aanze solo. Sasa Chambers anaanza kutembea, mapigo manne kila kipimo. Mzunguko mmoja wa wimbo una vipimo 32, yaani noti 128. Na ndani ya noti hizo 128 ana skeli mbili tu, yaani ngazi mbili za noti, za kuchezea: vipimo 16 kwenye D, vinane nusu sauti juu, vinane unarudi D. Hakuna kodi za kukusaidia kujificha. Mpiga besi wa kawaida hapo anachoka akili mzunguko wa pili, anaanza kupiga kitu kilekile. Chambers anapanda, anashuka, anang'ang'ania noti moja kidogo, anaiachia, na D yako huipotezi hata sekunde moja. Fuateni besi peke yake mwanzo mpaka mwisho, dakika tisa zote, mtaniambia.

Jambo la pili. Kind of Blue ilirekodiwa kwa siku mbili za mwaka 1959, tarehe 2 Machi na 22 Aprili, kwenye studio ya Columbia ya mtaa wa 30 New York, jengo ambalo zamani lilikuwa kanisa. Angalieni tena tarehe ya pili. Ni siku yake ya kuzaliwa! Anatimiza miaka 24. Na zawadi aliyopewa siku hiyo ni "All Blues": zaidi ya dakika 11 ambazo sehemu kubwa mpiga besi anazungusha kijimstari kimoja kilekile wakati mabwana wakubwa wanajimwaga. Jaribuni kuzungusha kitu kimoja dakika 11 bila kuongeza mwendo, bila kulegea, bila kuingiza mbwembwe kwa sababu umechoka.

Halafu wiki mbili tu baadaye, mwanzoni mwa Mei 1959, mtu huyohuyo yuko studio na mpiga saksafoni John Coltrane wanarekodi albamu ya Giant Steps. Kutoka kwenye wimbo ambao kodi hazisogei, kwenda kwenye wimbo ambao kodi zinabadilika karibu kila baada ya mapigo mawili na mwendo ni wa kukimbizwa na mbwa. Na kwenye albamu hiyo ndimo ulimo "Mr. P.C.", wimbo ambao Coltrane aliupa jina lake.

Karibuni. Mwenye kumbukumbu yoyote ya jinsi alivyomfahamu ashushe hapa, na asiyekubaliana nami aje pia.

NgojaWaje

Naweka kambi hapa. Jazi siijui ila mleta uzi anaandika kwa hisia, nitajifunza.

FundiRedio

Mkuu NyuziNne umenikuna. Niongeze la kiufundi kabla watu hawajaenda kusikiliza kwa spika ya simu halafu waje kusema hawasikii kitu.

Uzi wa chini kabisa wa dabo besi, ule wa E, unatoa hezi 41 hivi. Spika ya simu huko haifiki kabisa, kuanzia hezi mia mbili na ushee kushuka inakata. Unachosikia ni sauti za juu za ule uzi, na ubongo wako ndio unaokamilisha. Kwa hiyo tafuteni hedifoni za kufunika sikio au spika ya maana.

La pili, hili wengi hawalijui. Ile siku ya 2 Machi 1959 mashine ya tepu iliyotumika ilikuwa inakimbia pole kuliko inavyotakiwa. Matokeo yake santuri ilipotoka, upande wote wa kwanza, "So What", "Freddie Freeloader" na "Blue in Green", ukawa unasikika juu kidogo ya sauti halisi. Miaka zaidi ya thelathini watu wananunua, wanapenda, hakuna aliyejali! Walirekebisha matoleo ya miaka ya 1990 kwa kutumia tepu ya akiba. Kwa hiyo kama uliwahi kufanya mazoezi na kanda au santuri ya zamani na ukaona gitaa lako halikubaliani na besi, gitaa halikuwa na kosa.

NyuziNne

Fundi, umenipa jibu la fumbo la ujana wangu. Kwenye bendi tulikuwa na kanda ya kunakili, kila nikijaribu kufuatisha "So What" inabidi nikaze nyuzi kidogo. Mpiga solo wetu akawa ananicheka kwamba sikio langu bovu. Marehemu huyo, ningempelekea hii.

BabaMingus

Uzi mzuri ila tusidanganyane. Ukisema besi kwenye jazi, unaanza na Charles Mingus. Kaongoza bendi, katunga, kapiga, kagombana na kila mtu. Chambers alikuwa mfanyakazi mzuri wa watu wengine. Albamu zake mwenyewe ngapi mnazikumbuka?

NyuziNne

Baba, Mingus simgusi, namheshimu. Ila wewe unapima mpiga besi kwa utunzi na uongozi. Mimi nazungumzia kazi ya besi yenyewe. Mingus akiwa kwenye bendi unajua yupo, anakusukuma. Chambers anakuacha uende unakotaka halafu unakuta njia ipo.

Albamu zake zipo: Whims of Chambers ya 1956, humo Coltrane yumo, Horace Silver yumo, Donald Byrd, Kenny Burrell, Philly Joe Jones. Bass on Top ya 1957. Go ya lebo ya Vee-Jay. Siyo mtu wa albamu moja.

BabaMingus

Wangapi humu wanaijua Go? Kuwa mkweli.

BintShangani

Mimi naijua, na Bass on Top naijua zaidi. Assalam alaykum jamani, nipisheni kidogo.

Mie napiga fidla kwenye taarab hapa Unguja. Dabo besi kwetu si kitu kigeni, kwenye kikundi cha taarab limo siku zote, ila mpiga besi wetu hudonoa kwa vidole, upinde ni nadra sana. Sasa aliyenisikilizisha Chambers mara ya kwanza hakunipa Miles wala Coltrane. Kaniwekea "Yesterdays" kutoka Bass on Top. Inaanza kwa upinde. Nilidhani sello! Nikauliza huyu nani, nikaambiwa ni mpiga besi wa jazi. Nikasema hapana, rudisha mwanzo.

Mleta uzi samahani kaka yangu, hapo kwenye solo sikubaliani nawe. Wanaume mnaopiga kwa vidole hamuelewi ugumu wa upinde kwenye nyuzi nene namna ile. Uzi wa fidla ukiugusa unasema hapohapo. Uzi wa besi ni mzito, unachelewa kuamka, ukivuta upinde pole noti inatoka imechelewa, ukikandamiza inakwaruza. Sasa huyu bwana anapiga kwa upinde kwa mwendo wa bibopu, ile jazi ya mbio, noti mojamoja zinasikika, tena anakata maneno yake kama mpiga saksafoni. Sikilizeni "Moment's Notice" kwenye Blue Train ya Coltrane, ya Septemba 1957. Au "Billy Boy" kwenye Milestones ya Miles, wamebaki watatu tu, Red Garland, Chambers na Philly Joe. Upinde ule ni wa fujo tupu, na siku hizo walikuwa hawana spika ya besi ya kuwasaidia, ni mti na mkono.

Wapo wanaosema upinde wake unakwaruza na sauti wakati mwingine inateleza nje ya noti. Ni kweli inakwaruza. Mie huo mkwaruzo ndio naupenda, lakini sitambishia mtu akisema haumwingii.

Karakana_ya_Sauti

Mimi ni mmoja wa ambao hauwaingii. Kwa vidole Chambers nampa alama zote. Upinde ukianza huwa naenda kuchemsha chai. Nyuzi za utumbo zile walizokuwa wanatumia zamani, si za chuma kama za sasa, ukizikokota kwa kasi zinatoa vumbi la sauti.

BintShangani

Nenda kachemshe, utatukuta.

MtotoWaTaveta

Habari zenu ndugu kutoka upande wa pili wa mpaka. Nina kumbukumbu, si yangu, ni ya mjomba.

Mjomba wangu alienda Marekani na zile ndege za wanafunzi alizopigania Tom Mboya, akasoma New York na kukaa huko miaka. Hakuwa mtu wa muziki, alisomea uhasibu. Lakini wenzake wa bweni walikuwa wanamkokota kwenye klabu ya Half Note, kule Hudson Street, kwa sababu ungeweza kuagiza kinywaji kimoja na kukikalia. Alikuwa akituhadithia kwamba mwaka wa 1965 alimwona Wes Montgomery na gitaa lake pale, na watu wote macho kwa Wes, kile kidole gumba chake. Yeye mjomba kwa vile alichelewa alipata kiti cha pembeni upande wa besi, karibu mno. Anasema hakusikia gitaa vizuri usiku ule. Alichosikia ni vidole vya mtu wa besi vikigonga ubao kila akibana noti, tap, tap, tap, na nyuma yake ile sauti kubwa ikifuata. Alipouliza jina akaambiwa Paul. Basi. Miaka mingi baadaye nikamwonyesha jalada la Smokin' at the Half Note, akalitazama akasema "mbona hapa wameandika Wynton Kelly na Wes, yule Paul wangu yuko wapi?" Nikamsomea kwa nyuma: Paul Chambers, besi. Alifurahi huyo mzee!

NyuziNne

Mtoto wa Taveta, hii ni dhahabu. Mpe shikamoo mjomba kama bado tunaye.

MtotoWaTaveta

Tulimzika miaka michache iliyopita, ndugu. Shikamoo yako imefika hata hivyo. Santuri ninayo mimi.

NgojaWaje

Hapa uzi umeanza kuninogea. Nimesikiliza "So What" kwa hedifoni kama alivyosema Fundi. Kumbe wimbo unaanza polepole bila mapigo, besi na piano wanapapasana, halafu ndipo besi inaanza kusema. Hiyo sehemu nilikuwa naikosa kabisa, nilidhani wanajaribisha vyombo.

MkwezaMnazi

Mnasifia sana lakini hamsemi ukweli wote. Huyu bwana unga na pombe vilimmaliza. Ndiyo maana kafa kijana. Wanamuziki wa jazi wengi walikuwa hivyo, tusiwafanye mashujaa.

NyuziNne

Mkuu hakuna aliyeficha. Heroini na pombe vilikuwa sehemu ya maisha yake, inajulikana. Lakini uzi huu ni wa kupiga kwake. Ukitaka kuhesabu vifo, wapiga besi wa kizazi kile wana balaa lao ambalo halihusiani na unga. Jimmy Blanton, aliyebadilisha besi akiwa na Duke Ellington, kafariki 1942 akiwa na miaka 23, kifua kikuu hichohicho. Scott LaFaro wa Bill Evans, ajali ya gari 1961, miaka 25. Doug Watkins, naye wa Detroit, ajali ya gari 1962, miaka 27. Oscar Pettiford kafia Copenhagen 1960 na miaka 37.

SistaKliniki

Niruhusuni kwenye hilo la kifua kikuu maana ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Blanton alikufa kabla dawa haijakuwepo. Streptomaisini iligunduliwa 1943. Lakini Chambers alikufa 1969, na wakati huo isoniazidi ilikuwa inatumika tangu 1952. Dawa zipo. Kilichotokea kwake sitakisemea, si mgonjwa wangu. Ninachokiona kliniki ni kwamba mtu anayekunywa sana, halali, hali vizuri, anasafiri kila wiki, huyo kinga yake iko chini, na matibabu yenyewe enzi zile yalikuwa marefu mno, mwaka na zaidi. Kwa hiyo Mkweza, unga peke yake si jibu, na kifua kikuu peke yake si jibu. Nawaomba tu mtu mwenye kikohozi cha wiki mbili asikae humu anasoma uzi, aende akapime makohozi.

Halafu nirudi kwenye besi: mimi nampenda kwenye "Stolen Moments" ya Oliver Nelson, 1961. Namsikiliza nikitoka zamu ya usiku.

MkwezaMnazi

Nimekuelewa sista. Ngoja nisikilize hiyo.

Dogo_Fretless

Wakuu, mimi ni kijana, napiga gitaa la besi kwenye bendi ya kanisa na za mtaani, rumba, bolingo, mapambio. Nina maswali mawili. Kwanza, hivi Coltrane kumpa wimbo jina lake, kwenye huo wimbo Chambers kapiga solo kali? Pili, nianzie wapi kumuiga?

BabaMingus

La kwanza nalijibu mimi kwa furaha: hapigi solo kabisa! Coltrane anapiga, Tommy Flanagan anapiga kwenye piano, Coltrane anabadilishana na Art Taylor wa dramu, wimbo unaisha. Mwenye jina lake anatembea tu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni bluzi ya vipimo 12 kwenye C maina, kwa mbio za ajabu.

NyuziNne

Baba Mingus, umeitetea hoja yangu bila kujua. Coltrane alitaka kumheshimu mpiga besi, akamwandikia wimbo ambao kazi yake ni kutembea. Alijua anachokiheshimu.

Na si yeye peke yake. Sonny Rollins ana "Paul's Pal". Tommy Flanagan ana "Big Paul", na humo Chambers mwenyewe ndiye kashika besi, kwenye albamu ya Kenny Burrell na Coltrane ya 1958. Wanamuziki hawaandikiani nyimbo hivihivi. Angalieni pia nani walimwita studio miaka hiyo: Rollins kwenye Tenor Madness, Hank Mobley kwenye Soul Station, Sonny Clark kwenye Cool Struttin', Art Pepper kule Los Angeles Januari 1957, Dexter Gordon, Wayne Shorter kwenye albamu yake ya kwanza. Mikono ile imepita kila mahali.

BabaMingus

Sawa, hapo nakupa. Mingus asingeandikiwa wimbo wa kutembea. Angekurushia besi.

Karakana_ya_Sauti

😂😂 Hapo umesema.

PwaniMpakaBara

Niwatoe nje ya mada kidogo kwa vile tunaongea besi na Kiswahili. Mnajua mpiga piano Herbie Hancock alipokuwa na lile kundi la Mwandishi mwanzoni mwa miaka ya 1970 kila mmoja alijipa jina la Kiswahili? Mpiga besi wao Buster Williams alijiita Mchezaji. Na Coltrane mwenyewe yumo kwenye "Tanganyika Strut" ya 1958 na Wilbur Harden. Chambers humo hayumo, besi kashika Alvin Jackson. Haya, endeleeni.

BintShangani

Mchezaji! Bora yeye, mwenzake wa tarumbeta aliitwa Mganga.

NyuziNne

Dogo, swali lako la pili sijalisahau.

Usianze na "Giant Steps", utavunjika moyo. Anza na "Freddie Freeloader" kwenye Kind of Blue. Ni bluzi ya B-flati, mwendo wa kati, na piano ni Wynton Kelly, siyo Bill Evans, kwa hiyo ina mchanga kidogo wa mtaani. Acha besi lako ukutani kwanza. Imba mstari wa Chambers kwa mdomo, mzunguko mmoja baada ya mwingine, mpaka uweze kuuimba ukiwa unafanya shughuli nyingine. Ukiweza kuuimba vidole vitaupata vyenyewe. Utagundua anaandika wimbo wake wa chini chini. Mara nyingi noti ya nne ya kipimo iko nusu sauti juu au chini ya noti inayokuja, inakusogeza mlangoni kabla kodi haijafika. Ukitoka kwenye rumba hilo litakusumbua, kwa sababu sisi tunaacha nafasi, tunapiga tatu tunanyamaza moja. Yeye hanyamazi. Kazi yako ni kujifunza kutonyamaza bila kuwa na kelele.

Na urefu wa noti. Hapa watoto wa siku hizi mnakosea sana, mnazikata. Chambers kila noti anaiacha iishe, inaigusa inayofuata. Huo ndio utembeaji wenyewe.

FundiRedio

Nakazia hilo la urefu. Nyuzi zile za utumbo hazidumu kama za chuma, zinafifia haraka. Kwa hiyo ili noti iguse inayofuata ilibidi avute kwa nguvu na aachie kidole cha mkono wa kushoto kwa kuchelewa kabisa. Ni kazi ya misuli. Wewe Dogo una nyuzi za chuma na amplifaya, huna kisingizio.

Dogo_Fretless

Asanteni sana wazee wangu. Naenda kufanya kazi.

SistaKliniki

Nimeisikiliza tena "Stolen Moments" asubuhi hii na sikio la kwenu. Eric Dolphy anapopiga filimbi, chini yake Chambers na Roy Haynes hawaongezi kitu. Zamani nilidhani huko chini hakuna kinachoendelea.

Karakana_ya_Sauti

Nimempa upinde nafasi nyingine, kwa heshima ya Bint Shangani. "Yesterdays" mwanzo mpaka mwisho. Ule ufunguzi wa taratibu ni mzuri, nakiri. Kwenye mbio bado chai.

BintShangani

Hatua hiyo kaka. Chai yenyewe ya tangawizi angalau?

Dogo_Fretless

Wakuu nimerudi, nina swali kuhusu "Freddie Freeloader". Nimeimba mizunguko ya mwanzo, naona kila nikifika vipimo viwili vya mwisho nakosana nao. Mimi narudi B-flati kama bluzi yoyote, wao wanakwenda kwingine. Nimesikia vibaya au?

NyuziNne

Umesikia sawasawa kabisa, na wengi wanaipiga miaka bila kuligundua. Pale pa kurudi nyumbani wao wanashuka A-flati, vipimo vyote viwili. Wimbo haufungi, unabaki mlango wazi mpaka mzunguko mpya uanze. Sasa weka hedifoni, acha kuwasikiliza wapuliza, shika vile vipimo viwili tu na kile kimoja kinachofuata. Angalia Chambers anapita noti gani kutoka A-flati kurudi B-flati. Kila mzunguko anatafuta njia. Andika nne za kwanza kisha uzilete hapa tuzitazame, na Baba Mingus atatusaidia kukosoa.

BabaMingus

Nitakosoa bila huruma. Lete, dogo.